Kiyoyozi cha gari jangwani: safisha njia ya joto kabla ya kuongeza gesi

Kiyoyozi kikianza kupuliza vuguvugu, neno la kwanza kutoka mdomoni mwa karibu kila mtu ni "gesi imeisha". Mimi nililiamini neno hilo kiangazi kizima. Niliongezewa gesi mara tatu kwenye gereji ileile, kila mara jioni baada ya kazi, na kila mara nikaondoka nimeridhika kwa sababu jioni hata kiyoyozi kibovu hujitahidi. Kesho yake mchana vuguvugu lilirudi. Mara ya nne kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, ikaanza kuwaka na kukata kila baada ya sekunde chache.

Fundi aliyenitoa kwenye tabu hiyo hakuanza na geji za kupima presha ya gesi. Aliinama mbele ya gari, akapenyeza tochi kwenye grili, akaniita nichungulie. Kati ya kondensa (kifaa cha kiyoyozi kinachotupa joto nje) na rejeta ya injini palikuwa na zulia la vumbi lililoshikana na mabawa ya wadudu, na mwanga wa tochi haukupita upande wa pili. Alifanya kazi kwa brashi na bomba la maji kwa zaidi ya saa nzima. Gesi ilipotolewa na kupimwa kwenye mizani, ilikutwa imezidi kipimo. Niliilipia yote, na ilikuwa ndiyo inayonidhuru.

Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kwa mpangilio wa fundi yule: upepo kwanza, umeme baadaye, gesi mwisho.

Kwanza, kwa nini jangwa linakilemea

Kiyoyozi hakitengenezi baridi, kinahamisha joto. Gesi ikiwa kimiminika hupita kwenye valvu nyembamba na kuingia evapareta iliyo nyuma ya dashibodi. Hapo huchemka na kunyonya joto la hewa ya ndani. Kompresa huuvuta mvuke huo, huukandamiza, na kuusukuma hadi kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambako joto hutupwa nje na gesi kurudi kuwa kimiminika.

Sasa, joto huhama lenyewe kutoka penye moto zaidi kwenda penye moto pungufu tu. Siku ya nyuzi 45 za Selsiasi, gesi iliyomo kwenye kondensa lazima iwe na moto unaozidi huo kwa mbali, mara nyingi nyuzi 60 na ushei. Gesi ya R134a ikiwa na nyuzi 60 ina presha ya takriban psi 230 (psi ni kipimo cha presha kwenye geji). Ikifika nyuzi 70, presha inakaribia psi 295. Nyuzi kumi tu, na kompresa imeongezewa mzigo wa kutosha kuichosha. Vumbi kwenye kondensa ndilo linaloongeza hizo nyuzi kumi. Na kumbuka kwamba hewa iliyo juu ya lami, pale grili inapovutia, huwa na moto kuliko namba ya utabiri wa hali ya hewa.

Hatua ya kwanza: pima kabla ya kugusa chochote

Tafuta kipimajoto chenye ncha ndefu na kipande cha karatasi. Fanya kipimo saa za jua kali. Weka baridi ya mwisho, feni ya ndani kasi ya juu, na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani (kile chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani yake) kiwe kimewashwa. Funga vioo, choma kipimajoto kwenye tundu la upepo la katikati, endesha dakika 10 hadi 15 kwa mwendo wa kilomita 60 hivi kwa saa. Andika namba. Kisha egesha, acha injini ikiunguruma kwa dakika tano, uandike namba ya pili. Pembeni andika joto la nje.

Usitegemee nyuzi 4 siku ya nyuzi 45. Gari zima likikupa 10 au 12 ukiwa barabarani katika joto hilo, liache. Kinachokupa jibu ni tofauti ya namba zako mbili.

Barabarani 9, ukisimama 20: gesi ipo na kompresa inafanya kazi yake. Kondensa haipati upepo wa kutosha gari lisipotembea, kwa hiyo nenda moja kwa moja hatua ya tatu na ya nne. Kwa magari yanayoishi kwenye vumbi, mimi hutazama hapo kabla ya pengine popote.

Vuguvugu kote kote: sikiliza. Bonyeza kitufe cha AC huku mwenzako amesimama karibu na boneti. Kompresa yenye klachi, yaani kiungo kinachoinasa kwenye puli na kuiachia, hutoa mlio mfupi, "tak", na sauti ya injini hubadilika kidogo. Mlio usiposikika, angalia fyuzi na rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) kwanza, kwa kuwa ndivyo rahisi. Baada ya hapo ndipo ufikirie gesi: kuna swichi au sensa ya presha inayoizuia kompresa isiwake gesi ikiwa chache mno. Magari mengi ya miaka ya karibuni yana kompresa isiyo na klachi. Puli yake inazunguka muda wote na huwezi kusikia "tak" yoyote, kwa hiyo usimlaumu mtu.

Inaanza vizuri, halafu baada ya nusu saa upepo unakuwa dhaifu: evapareta inaganda barafu. Zima AC, acha feni ya ndani ikipuliza. Upepo ukirejea na nguvu yake baada ya dakika kama kumi, sababu iko kati ya filta iliyoziba, sensa ya joto ya evapareta, au gesi pungufu.

Asubuhi inawaka, mchana inagoma, gari likipoa inarudi: klachi ya kompresa imechakaa. Nafasi kati ya sahani ya klachi na puli kwenye magari mengi inatakiwa iwe kati ya milimita 0.3 na 0.6. Ikishapanuka kwa kuliwa, sumaku bado inaweza kuivuta ikiwa ya baridi, lakini koili ya sumaku hiyo ikipata moto nguvu yake hushuka na sahani hairuki tena. Fundi makini hurudisha nafasi hiyo kwa kutoa washa (kipete cha chuma) nyembamba iliyo nyuma ya sahani, kazi ya muda mfupi, bila kufungua mfumo wa gesi. Uliza hilo kabla hujakubali kununua kompresa.

Upande wa dereva baridi na wa abiria vuguvugu, au baridi inakuja na kupotea bila mpango: mara nyingi ni mlango mdogo ulio ndani ya dashibodi unaochanganya hewa baridi na hewa iliyopita kwenye hita. Ukikwama, maji ya moto ya injini yanapasha kile ambacho kiyoyozi kimekwisha kupoza. Gesi pungufu nayo huweza kuleta tofauti ya pande mbili, kwa hiyo usihukumu kwa dalili hii peke yake.

Jambo moja linalowatisha waliohamia jangwani kutoka nchi za unyevu: hawaoni maji yakidondoka chini ya gari. Pale hewa inapokuwa kavu kabisa, hakuna mvuke wa kugeuka maji juu ya evapareta, basi hakuna matone. Si ubovu. Jangwa lililopakana na bahari ni habari nyingine. Huko matone ni mengi, na yasipoonekana chini ya gari yatafute kwenye zulia la abiria, maana bomba la kutolea maji limezibwa na mchanga.

Hatua ya pili: filta ya kabini

Kwenye magari mengi iko nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Vitabu vingi vya magari hutaja kilomita 15,000 au 20,000, kisha kwa maandishi madogo vinasema "mapema zaidi penye vumbi". Jangwani soma hayo maandishi madogo. Mimi huitoa kila mwezi na baada ya kila dhoruba ya mchanga, naigonga taratibu upande wenye vumbi ukiangalia chini, na kuibadilisha nikiona kijivu kimeingia mpaka chini ya mikunjo. Filta ya karatasi haifuliwi. Ukiirudisha, fuata mshale wa mwelekeo wa upepo.

Wapo wanaoitoa na kuendesha bila filta ili upepo uwe mwingi. Upepo utakuwa mwingi kweli, wiki mbili. Baada ya hapo vumbi litakuwa limetua juu ya evapareta, ambayo kila unyevu ukiwepo hulowa, nawe utakuwa umejipikia tope mahali ambapo ili kupafikia lazima dashibodi ifunguliwe.

Filta iliyoziba ina mtego mwingine. Kwenye magari mengi kifaa kinachogawa kasi za feni ya ndani hupozwa na upepo wa feni hiyohiyo. Upepo ukipungua, kinaungua. Dalili yake ni feni kufanya kazi kwenye kasi ya mwisho tu, kasi nyingine zote zikiwa kimya. Ukibadilisha kifaa hicho na kuiacha filta ileile, utakinunua tena.

Hatua ya tatu: kondensa

Hii ndiyo kazi yenyewe. Subiri injini ipoe kabisa; maji baridi juu ya rejeta ya moto ni ugomvi mwingine. Kama grili au kifuniko cha plastiki cha juu kinafunguka kwa vibanio, kifungue. Washa tochi kwa mbele, mwombe mtu achungulie kwa nyuma upande wa injini, au fanya kinyume. Unatafuta mwanga unaopenya kati ya mapezi, vile vibati vyembamba vya alumini. Sehemu za chini ndizo huziba zaidi, na ndizo watu wasizoziona.

Usianze na maji. Vumbi la jangwani ni laini kama unga. Ukilimwagia maji kabla ya kulipunguza, linageuka tope, tope linakauka, na kesho una tofali. Anza kukavu: brashi yenye nywele laini, ukifuata mwelekeo wa mapezi, juu kwenda chini, kamwe si kuyakata kwa mlalo. Mashine ya kufyonza vumbi yenye mdomo wa brashi inafaa sana. Hewa ya kompresa ya gereji pia inafaa ikiwa presha imepunguzwa na mdomo wa bomba uko mbali, ukipuliza kutoka upande wa injini kuja nje.

Mwelekeo ni muhimu. Mchanga uliingia kutoka mbele, kwa hiyo utoke kwa mbele. Ukipuliza kutoka mbele unaupeleka kwenye ule mwanya kati ya kondensa na rejeta, pale nilipokuta zulia langu. Mwanya huo una upana wa vidole viwili au chini ya hapo, na njia ya kuufikia hutofautiana: kuna magari ambayo feni zikifunguliwa unapata nafasi, na mengine lazima rejeta ilegezwe na kusogezwa nyuma kidogo. Ikiwa gari halijawahi kufanyiwa hivyo tangu liingie jangwani, lipie kazi hiyo mara moja.

Vumbi kavu likiisha, ndipo maji: bomba la kawaida la kumwagilia bustani, maji mengi, nguvu ndogo. Acha yapite mpaka yanayotoka yawe meupe. Mashine ya kuoshea magari yenye presha hulaza mapezi kama upepo unavyolaza nyasi, na pezi lililolala halipitishi hewa hata likiwa safi kama kioo. Yaliyolala yanyanyue kwa kichana maalumu cha mapezi, au kwa subira na kipande chembamba cha plastiki. Dawa kali za kusafishia, ziwe za tindikali au za magadi, zinakula alumini. Maji na sabuni nyepesi vinatosha.

Rudia kila baada ya miezi mitatu, na baada ya dhoruba kubwa usisubiri kalenda. Ukimaliza, pima tena kama hatua ya kwanza. Karatasi yako ya mwanzo sasa ina thamani.

Hatua ya nne: feni ya mbele

Gari likiwa limesimama, injini imewashwa, bonyeza AC. Kwenye magari mengi feni moja au zote mbili za umeme zinatakiwa zianze ndani ya muda mfupi. Isipoanza, mtuhumiwa ni fyuzi, rilei, waya, au mota yenyewe. Feni inayozunguka nayo si lazima iwe nzima: mota iliyochoka huzunguka polepole, na ukiweka karatasi nyepesi mbele ya grili haivutwi ikanasa. Mikono na nguo ziwe mbali, kwani feni hizi huwaka bila kubisha hodi, hata injini ikiwa imezimwa kwa baadhi ya magari.

Magari ya kazi na mengi ya zamani yana feni inayoendeshwa na injini kupitia klachi ya mafuta mazito. Hiyo klachi ikichoka feni huteleza. Injini ikiwa ya moto na imezimwa, izungushe feni kwa mkono uliovaa glovu: inatakiwa ikupinge. Ikizunguka huru kama pia, umempata mwizi.

Angalia pia sponji na plastiki zinazoziba pembeni mwa kondensa. Baada ya gari kugongwa na kutengenezwa, nyingi hazirudishwi, na upepo wa moto wa rejeta huzunguka na kurudi mbele ya kondensa.

Mkanda na rejeta sitavichelewesha. Mkanda wenye nyufa au uliong'aa kama kioo huteleza pale kompresa inapoulemea, badilisha. Kipozaji cha injini kiwe kwenye kiwango na mchanganyiko unaotajwa na kitabu cha gari. Injini ikipata moto kupita kiasi, kompyuta ya gari huikata kompresa kuinusuru injini, nawe utadhani ni kiyoyozi. Ukiwa kwenye mlima mrefu na sindano ya joto inapanda, zima AC mwenyewe kabla haijafika huko.

Hatua ya tano: sasa gesi

Mfumo huu umefungwa. Gesi haitumiki kama petroli. Inaweza kupenya kidogo kidogo kwenye mipira na viungio kwa miaka, lakini gari linalohitaji gesi kila msimu lina tundu, na kuliongezea bila kulitafuta ni kujaza pakacha.

Tundu lenyewe jangwani linajianika. Gesi inapovuja hutoka na oili kidogo, oili hunasa vumbi, na mahali hapo panakuwa na doa jeusi lenye unyevunyevu katikati ya vitu vilivyokauka. Kagua viungio vya mabomba, sehemu ya mbele ya kompresa nyuma ya klachi, na uso wa kondensa ambao kokoto huupiga kila siku. Kagua pia vile vifuniko viwili vya plastiki vya sehemu za kujazia. Watu huviona pambo, lakini ni kizuizi cha pili cha gesi, na vikikosekana mchanga huingia kwenye valvu. Tundu lisiloonekana hutafutwa kwa rangi inayong'aa chini ya mwanga wa urujuanimno, au kwa kujaza mfumo naitrojeni na kupaka povu la sabuni.

Sasa kosa linaloharibu viyoyozi vingi: kujaza kwa kutazama geji. Gari likiwa limezimwa na limepoa sawa na hewa ya nje, R134a kwenye nyuzi 40 itaonyesha psi 133 hivi. Itaonyesha hivyo ukiwa na gramu 500, na itaonyesha hivyo ukiwa na gramu 150, mradi ndani bado kuna kimiminika. Presha hiyo inakwambia joto, haikwambii kiasi. Injini ikiwaka, geji zinasaidia kumwelewa mgonjwa, lakini kwenye joto la jangwani zinapanda kwa sababu nyingi na fundi asiye mwangalifu huzisoma atakavyo. Gesi ikizidi, kimiminika hujaza kondensa na kuipunguzia eneo la kutolea joto, presha inapanda, swichi inakata, na mwenye gari anaambiwa aongeze tena.

Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye stika chini ya boneti, pamoja na aina ya gesi. Gari dogo mara nyingi hubeba gramu 400 hadi 600. Gari kubwa lenye kiyoyozi cha nyuma linaweza kuzidi kilo moja. Kwenye mfumo wa gramu 450, kosa la gramu 50 linaonekana. Kwa hiyo mwombe fundi afuate utaratibu huu, na usimame hapo uone:

1. Gesi yote itolewe kwa mashine ya kuinyonya na ipimwe uzito. Namba hiyo peke yake inakuonyesha kama ilikuwa pungufu, sawa au imezidi.

2. Tundu likipatikana lizibwe, mipira ya viungio ibadilishwe kwa ile ya aina ya kiyoyozi, na kichujio cha unyevu kibadilishwe ikiwa mfumo ulikaa wazi.

3. Mfumo ufyonzwe hewa kwa pampu ya vakyumu kwa nusu saa au zaidi. Hapa ndipo haraka inapogharimu. Kufyonza hakutoi hewa tu. Kunayafanya maji yaliyojificha yachemke na kutoka. Maji yakibaki huganda kwenye valvu nyembamba, na yakichanganyika na gesi na oili huzaa tindikali inayokula mfumo kwa ndani.

4. Pampu izimwe na geji iachwe dakika 10 au 15. Sindano ikipanda, bado kuna tundu au unyevu.

5. Oili iliyopotea irudishwe, ya aina ileile. Kisha gesi ijazwe kwa mizani, gramu kwa gramu kama stika ilivyosema, si gramu 50 za "kwa sababu huku ni moto".

R134a na R1234yf, gesi ya magari mapya, hazichanganywi. Katika Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2017 magari yote mapya madogo lazima yatumie gesi yenye athari ya kupasha dunia isiyozidi mara 150 ya hewa ya ukaa, wakati R134a inazidi mara 1,300. Ndiyo maana magari mapya mengi yanakuja na R1234yf. Sehemu zake za kujazia zimetengenezwa zisiingiliane na vifaa vya R134a, na fundi anayekuja na kiunganishi cha kubadilisha anakuja na matatizo. R1234yf nayo inaweza kushika moto, ingawa kwa shida. Gesi ya kupikia inashika moto kwa urahisi mno, na evapareta iko ndani ya chumba unachokaa wewe. Asikujazie mtu.

Dawa za kuziba matundu zinazouzwa ndani ya kopo la gesi, mimi sizitaki. Zinaweza kuziba valvu, na gereji nyingi zenye mashine nzuri hukataa gari lililotiwa dawa hizo kwa sababu zinaiua mashine yao. Ukiamua kutumia kopo la kawaida mwenyewe, vaa miwani na glovu: R134a huchemka kwa nyuzi 26 chini ya sifuri, na ikikurukia jichoni haichagui. Jaza upande wa presha ndogo pekee, ule wa bomba nene. Usiiachie gesi hewani kwa makusudi.

Namna ya kuwasha, kila siku

Mwaka 2018 watafiti wa Arizona State University walichapisha vipimo vya magari yaliyoegeshwa juani siku za joto la nyuzi 38 hivi. Baada ya saa moja, hewa ya ndani ilikuwa wastani wa nyuzi 47, usukani 53 na dashibodi 69. Kivulini, dashibodi ilikuwa 48. Joto la dashibodi ndilo kiyoyozi kinalopigana nalo hata baada ya hewa kupoa, kwa hiyo pazia la kung'aa la kioo cha mbele ni sehemu ya kiyoyozi. Na mtoto au mnyama haachwi ndani hata dakika tano.

Ukirudi kwenye gari, shusha kioo cha upande wa pili, kisha fungua na kufunga mlango wa dereva mara nne au tano kama unayepepea. Hewa ya moto itasukumwa nje. Washa injini, washa AC, feni kasi ya juu, vioo wazi, hewa ya nje ikiingia. Ondoka mapema badala ya kusubiri umeegesha, kwani ukitembea kondensa inapata upepo na kompresa inazunguka kwa kasi zaidi. Baada ya dakika moja au mbili funga vioo na uhamie kwenye hewa ya ndani. Sababu ni hesabu tu: mwanzoni hewa ya ndani ni moto kuliko ya nje, kwa hiyo unaitupa, ikishashuka chini ya ile ya nje, unaishika na kuendelea kuipoza.

Safari ndefu fungulia hewa ya nje kwa dakika chache kila nusu saa hivi, hasa gari likiwa na watu wengi. Hewa ya ukaa ya pumzi hujilimbikiza, na dereva anasinzia akidhani ni jua.

Dhoruba ya mchanga ikikukuta, hewa ya ndani papo hapo. Ikishapita, safisha mchanga uliokusanyika chini ya kioo cha mbele, kwenye vitundu ambamo hewa huingilia, kabla hujawasha feni kwa kasi. Ukisahau, utaula.

Miezi ya baridi washa AC dakika 10 kila wiki. Oili ya kompresa husafiri na gesi. Mfumo ukilala miezi mitatu, mpira wa shafti unakauka na msimu wa joto unaanza kwa kuvuja.

Kama gari ni la umeme au haibridi

Usafi wa filta, kondensa na feni ni uleule, na una uzito zaidi, kwa sababu kwenye magari mengi ya umeme kiyoyozi hichohicho ndicho kinachopoza betri. Kondensa iliyoziba inaweza kuonekana kwanza kama chaji ya haraka iliyopungua kasi mchana wa joto. Poza chumba wakati gari bado limechomekwa kwenye umeme, ili kazi ile nzito ya mwanzo isitoke kwenye betri.

Mengine mwachie fundi aliyesomea. Kompresa hapa inaendeshwa na umeme mkubwa kupitia waya za rangi ya chungwa, na mota yake imezama kwenye oili ya mfumo. Ndiyo maana kwa kawaida hutumia oili ya POE isiyopitisha umeme, wakati kompresa za mkanda hutumia oili ya aina nyingine, PAG. Mashine iliyotoka kuhudumia gari la petroli ikiacha mabaki ya PAG kwenye mabomba yake, kiasi kidogo kinatosha kuharibu kinga ya umeme ya kompresa. Kabla hajaunganisha mabomba, muulize mashine yake imesafishwa vipi tangu gari la mwisho, na kama jibu lake halieleweki, funga boneti uondoke.